Upande wa Pili wa Kisahani

Ameleta tatu, zimefungwa gazetini
kama samaki wa kuchaguliwa.
"Moja ni yake," asema Bwana Nurali, "niambie ipi."
Morisi ya babake iko nje, hapa Makupa,
boneti wazi, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo,
na Chengo amekwisha kuweka jiwe nyuma ya gurudumu
maana breki nazo ni hadithi nyingine.

Ya kwanza naigeuza, naiweka chini.
Kofia ya plastiki. Zama zile ilikuwa bakelaiti,
nyeusi tii; ukiigonga kwa ukucha
hujibu kama jino, si kama kikombe cha mtoto.
Ya pili ina jina sahihi, herufi sahihi,
ila herufi zimesimama wima mno, hazijachoka,
na nati yake yaikataa spana yangu:
nati ya milimita kwenye gari la inchi,
mgeni aitikiaye salamu kabla hujaitoa.
Ya tatu ni ya kweli, lakini si ya gari hili.
Mhuri ubavuni: tatu, sitini na mbili.
Gari ni la hamsini na tisa.
"Halikuzaliwa na kitu kisichokuwapo," namwambia.
Bwana Nurali acheka, kisha aacha kucheka.
"Basi ya kwake iko wapi?"

Usiku, geti limefungwa, niliteremsha mkebe wa samli
ulioandikwa kwa rangi ya mlango: USIGUSE.
Baba hakutupa kitu. Kila alichokitoa garini
alikikwaruza tarakimu tatu za mwisho za namba,
na hata msumari una mwandiko:
saba yake imekatwa kiunoni,
nne yake haifungi mlango.
Chini kabisa, katika kipande cha kanga kilichooza,
mhuri: saba, hamsini na tisa.
Na kwa msumari: 417.

Kitabu cha risiti bado kipo.
Mende wamekula Machi na Aprili, Januari wameiacha.
*Morisi 417. Solenoidi imekufa. Mpya, sh. 380.*
Januari ile niliingia kidato cha kwanza
na sketi iliyokuwa bado na mkunjo wa dukani.

Niliufungua mdomo wa bati uliokunjwa
kwa kisu cha kumenyea machungwa,
kidogo kidogo, maana tindo haina subira.
Ndani: springi, plunja, nyuzi za koili bado nyekundu,
na kisahani cha shaba
kimeungua upande mmoja.
Upande mmoja tu.
Fundi yeyote hukigeuza. Dakika kumi,
kahawa haijapoa.
Baba alikuwa fundi.

Nilikaa na neno hilo.

Asidi sikutia. Nilisugua kwa ukwaju na jivu
kama bibi alivyosugua sinia za arusi.
Chumvi ya mji huu hula bila kukaribishwa;
nikaziba kwa grisi. Mpira wa kitufe
ulikuwa umekuwa biskuti,
nikakata mwingine kwenye tyubu ya baiskeli.
Nikakigeuza kisahani.
Mkwaruzo wa 417 sikuugusa.

Asubuhi nati ziliingia kama zimeitwa kwa majina.
Chengo akafungulia swichi. Nikamwonyesha Bwana Nurali
ule mpira chini ya boneti: "Bonyeza. Kwa kidole gumba."
*Ta!*
Injini ikakohoa, ikakumbuka, ikashika.
"Baba aliwasha hivi hivi," alisema, "ufunguo ulipokwama."
Kisha akainama. "Nani ameandika hapa?"

Nikamwambia. Hata habari ya sketi.
Injini ilikuwa ikivuma, hakusikia.
Ikanibidi niseme tena, kwa sauti,
mbele ya Chengo, wateja wawili, na kijana wa mkokoteni wa maji.

Risiti niliandika hivi:
*Solenoidi: ya mwenyewe.*
*Twadaiwa: sh. 380.*
Aliisoma mara mbili, akaikunja ndogo,
akauliza kama breki pia nazifanya.